Joka Lililolamba Chumvi

Kitabu chenyewe hakikuwa na gamba. Shangazi yangu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja nje ya Kitale, na mzungu huyo alipouza shamba na kuhama alimwachia sufuria, makoti mawili na katoni ya vitabu. Shangazi alikuwa anavitumia kuwasha jiko. Nilipoenda kwake likizo ya Aprili alikuwa amefika katikati ya katoni, na hicho ndicho kilikuwa juu. Kurasa mbili za mwanzo zilishachemsha chai. Nikamwomba kilichobaki. Akasema chukua, hata hicho kinatoa moshi tu.

Nilikuwa darasa la saba, shule ya msingi upande wa Misikhu. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, kwa hivyo nilikisoma wiki tatu nzima, kidole kwenye mstari. Ilikuwa hadithi ya joka lililoishi ndani ya mlima. Si joka la kulinda dhahabu. Lilikuwa limezeeka, moto wake umebaki wa kukohoa, na kitu pekee lilichotaka ni chumvi. Msichana wa kijiji cha chini alikuwa analipelekea kwa siri. Sisi tuliokua tukiuona Mlima Elgon kila asubuhi, na ng'ombe wa watu wa huko juu wakiingizwa mapangoni kulamba chumvi ya mawe, hatukuhitaji kuelezwa. Mimi pango hilo nililijua.

Niliporudi shule nilikitangaza kile kitabu vile sijawahi kutangaza kitu tena, na nimeuza maharagwe maisha yangu yote. Tukienda mtoni kuteka maji ya bustani ya shule, niliwasimulia wasichana mpaka pale taa inazimika pangoni, halafu nanyamaza. Wakiuliza halafu ikawaje, nawaambia, "Si usome."

Niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza ndiye alinicheka zaidi. "Wewe bana unasumbua," aliniambia. "Ati joka linakohoa. Lipelekwe dispensari basi." Lakini wengine walikichukua, mmoja baada ya mwingine, na mwishowe hata yeye akanyoosha mkono.

Niliweka sheria. Ukimaliza, unaandika jina lako kwenye ukurasa mtupu wa nyuma, na maneno machache ya kumvuta anayefuata. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha. Siku moja nikipeleka madaftari ofisini kwa walimu nikaichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, na sikuirudisha. Majina sita yaliandikwa kwa hiyo, chini ya langu. Mmoja aliandika, "Ukiingia hutatoka." Mwingine, "Moto wake uko ndani yangu." Tuliona ni maneno matamu.

Miaka hiyo ya tisini kila mahali ilikuwa hofu ya waabudu shetani. Makanisani walisema wanaingia shuleni na peremende, wanawaandikisha watoto kwa damu. Na mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye Jumapili alikuwa mhubiri, akamkuta mwenzangu wa dawati anasoma joka ndani ya kitabu cha Jiografia.

Lazima nieleze diski. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukiongea Kibukusu ama Kiswahili unavalishwa shingoni, nawe unamvizia mwenzako akosee umpe. Jioni mwalimu anamshika wa mwisho na kumuuliza, nani alikupa? Huyo anataja, naye aliyetajwa anataja, mpaka wa kwanza, na wote wanachapwa. Kutaja tulikuwa tumezoea kama kusalimiana. Kwa hivyo mwenzangu alipoulizwa nani alikupa, akanitaja, na kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa kufungua ukurasa wa nyuma akamuonyesha.

Mwalimu aliniuliza hii ni damu ya nani. Nikamwambia ni kalamu yake. Akasema kalamu yake haiwezi kuandika mambo kama hayo. Mtu aliyetuchapa kila jioni ili tujue Kiingereza, na kitabu pekee cha Kiingereza ambacho tuligombania kusoma, akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Majina sitaandika. Wakisoma watajijua: mwalimu huyo, hedimasta aliyeogopa kanisa kuliko alivyopenda watoto, mzee wa kanisa aliyekuja na mafuta ya kupaka, na mwenzangu wa dawati. Baba simtii kwenye orodha.

Jumatatu tulisimamishwa mbele ya paredi. Hedimasta alishasema masharti yake: nikane kitabu, nitaje aliyenipa, nitaendelea mpaka mtihani wa darasa la nane. Nikikataa, nitolewe, na barua iende shule zote za jirani. Baba alikuwa ameniinamia kabla. "Mama, sema tu," aliniambia. "Ni maneno. Sema urudi darasani." Wale sita walipiga magoti, wakapakwa mafuta, wakarudi kwenye mistari. Mmoja alisema hata amewahi kuliona joka lenyewe.

Mimi pia nilikuja nikiwa tayari kupiga magoti. Lakini mzee wa kanisa akauliza, "Na wewe, nani alikupa?" Nikamuona akilini shangazi yangu na sare yake ya kwaya, amesimamishwa mbele ya kanisa lake.

"Hakuna," nikasema. "Na ni kitabu kizuri. Mngekisoma."

Watu wakinihurumia husema nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka kusimama.

Walikichoma nyuma ya jiko la shule. Shangazi alisema kweli, kilitoa moshi mwingi. Nilikwenda kwake Kitale, nikaanza kuuza maharagwe sokoni, na sikumwambia kamwe ni kwa nini shule iliisha.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mwenzangu wa dawati alisimama mbele ya meza yangu. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, amepelekwa kufundisha Sirisia. Alinisalimia "Sasa" kwa sauti ndogo, akaomba gorogoro mbili za maharagwe. Samahani hakusema. Alisema, "Lile joka. Lilikufa?"

Nikamuuliza alifika wapi. Akasema pale kijiji kinapanda mlima na mikuki.

Rafiki unamjazia mkebe wa gorogoro mpaka maharagwe yanamwagika. Zake nilizipangusa sawa kwa kiganja.

"Si usome," nikamwambia.

Alinilipa, akaenda na mfuko wake.

Halikufa. Nyinyi nawaambia kwa sababu hamkumwonyesha mtu jina langu. Jina la kitabu sijui mpaka leo, liliungua na chai ya shangazi. Lakini mahali fulani lazima kuna kingine, chenye gamba lake. Ukikuta joka linakohoa, ndicho hicho. Kisome.