Kidudu Kinachovaa Koti ya Marehemu

Hapana, dadangu hakudanganya mtu. Hiyo nilisema kwa sauti pale kituo cha kupima majani ya chai, huku Mogogosiek, watu wakingoja lori ya kiwanda, na bado nasema. Jirani yetu alikuwa ameketi juu ya gunia yake ya majani, mtoto mchanga mgongoni. Kifungua mimba wake alikuwa ametoka tu kulazwa na nimonia, na huyo alichanjwa sindano zote. Dadangu, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye alimsukuma ampeleke kliniki. Sasa huyu mdogo amefika wiki sita, wakati wa sindano ya kwanza ya nimonia, na mama amekataa.

"Sindano gani hiyo? Ni maji mlimdunga."

"Mama, umewahi soma juu ya hiyo kidudu ya nimonia?" nikamwuliza.

"Na wewe umesomea wapi, daktari wa bando?"

Watu wakacheka. Masikio yangu yakawa moto. Ni kweli shule niliachia form two. Lakini siku zile mtoto wake alikuwa wodi, nilisoma kwa simu mpaka chai ikapoa mbele yangu.

Hiyo kidudu inavaa koti. Koti ya sukari, imeizunguka yote. Askari wa damu wakitaka kuishika, inateleza kama sabuni. Ivue koti, inamezwa hapo hapo. Hizo koti ni aina karibu mia, na sindano inafundisha mwili kutambua zile chache mbaya zaidi. Hapo sikushangaa. Kilichonifanya niweke simu chini ni hiki: mwenzake akikufa, akapasuka, yenyewe huokota kipande cha DNA ya marehemu, yale maagizo ya kushona koti, inaingiza ndani, halafu inajishonea ileile. Na watoto wake wanazaliwa wameivaa!

Nikamkumbuka nyanya. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa, na shangazi alipewa ile koti yake ya kijani ya baridi. Siku ya kwanza kuivaa, mtoto wa dadangu alimkimbilia akipiga kelele, "Nyanya! Nyanya!" Akamshika miguu. Shangazi alisimama tu, machozi yakitoka. Huyo mtoto alimjua nyanya kuliko mtu yeyote, na koti peke yake ilimdanganya. Sasa damu ifanye nini?

Hiyo yote nikawaambia pale.

"Kwa hivyo ile ya mtoto wangu ilibadilisha koti?" jirani akauliza, pole pole.

"Sijui, mama. Hakuna mtu alipima. Pengine hata ilikuwa kidudu ingine kabisa."

Karani wa mizani akadakia, "Kama inabadilisha, si kuchanja ni bure?"

"Kwani ukijua sura ya wezi kumi wabaya kabisa, utalala mlango wazi kwa sababu tu wengine wapo?" nikamjibu.

Dadangu alikuwa hapo kwa laini, gunia miguuni. Yeye hupanda hii milima na mvua, nyumba kwa nyumba, halafu anaitwa mwongo mbele ya kijiji nzima. Hiyo ndiyo iliniuma.

Lori ikafika. Jirani akainuka, akakaza leso ya mtoto. "Nitafikiria," akasema.

Afikirie nini? Hiyo kidudu inakaa kwa pua za watoto wetu saa hii, ikiokota koti za wafu. Wewe ungekuwa huyo mama, ungekuwa unangoja nini?