Milioni Sitini za Mdomoni

Adinani Mfaume hushona magodoro ya pamba nyuma ya soko la Tabora. Kama hujawahi kumwona mtu anayefanya kazi ambayo dunia imeshaiaga, nenda kamwone yeye. Magodoro ya sponji yamejaa mjini, yana maua, yanapanda bodaboda kwa raha zao. La Adinani hubebwa na wanaume wawili wanaotukanana njia nzima. Wateja wake ni wazee wenye migongo mibovu, na wazee wana tabia ya kufa kabla ya kununua la pili.

Kwa mwaka mzima mauzo yake hufika milioni sita, kabla hajatoa pamba ya Igunga, kitambaa na pango la fremu. Siri hiyo ilijulikana na watu wawili: yeye mwenyewe na Consolatha, binti wa Kimoravian mwenye steshenari jirani, anayewasaidia wafanyabiashara wadogo mambo ya kodi. Ni Consolatha aliyemlazimisha kuandika kila godoro kwenye daftari. Alimweleza kwamba mwenye kumbukumbu hulipa kulingana na alichouza, na kwa mauzo yake kodi ingekuwa kitu kama elfu sitini kwa mwaka. Mbuzi mwenye afya ana thamani zaidi.

"Ukifika kwa afisa wa makadirio, usijitie unyonge wala ukubwa," alimwambia. "Fungua daftari, soma jumla, nyamaza."

Adinani alilifanyia mazoezi lile la kunyamaza, maana ndilo lililomshinda tangu azaliwe.

Tatizo ni kwamba mwezi mmoja kabla ya makadirio, binti yake Najiat alikuwa ameposwa. Mposaji ni Nassibu, mtoto wa Nurdini mwenye duka la spea za pikipiki. Siku ya posa wasemaji wa pande mbili walisema kama wasemaji wasemavyo. Kibanda cha Adinani kikawa kiwanda. Duka la Nurdini, ambalo mtu akiingia na kikapu inabidi atoke kinyumenyume, likawa kampuni. Kila upande ulijua kuwa wenyewe umedanganya, ukaamini kuwa wenzao wamesema kweli. Wakala pilau, wakaitana wakwe.

Basi Machi ile Adinani akaenda ofisi ya kodi, daftari mfukoni, jumla kichwani. Akakaa kwenye benchi. Alipoitwa mezani, akasikia nyuma yake mtu anakohoa kikohozi cha kampuni. Kugeuka, mkwe Nurdini, mtu wa pili kwenye foleni, shingo imerefuka kama ya korongo.

Afisa alikuwa dada mpole. Alimsalimia shikamoo, akauliza mauzo ya mwaka uliopita.

Mkono wa Adinani ulikwenda mfukoni, ukaligusa daftari, ukarudi mtupu. Milioni sita mbele ya mkwe! Jioni hiyo hiyo habari ingefika kwa mashangazi wa kina Nassibu, na Najiat angedaiwa kanga za posa.

"Kama sitini," akasema.

"Elfu?"

"Milioni, mwanangu."

Yule dada akaweka kalamu chini. Akauliza kwa upole kama ni magodoro hayo hayo ya pamba. Adinani akajibu kwamba kuna oda za mabweni. Akaulizwa kumbukumbu ziko wapi, akasema ziko kwa mhasibu. Dada akamuuliza tena, mara ya pili, kama mtu anayemwonyesha kipofu mlango, na Adinani akaupita ule mlango kifua mbele. Sitini ikaandikwa. Kodi ikatoka milioni mbili na laki moja, kwa awamu nne.

Akampisha Nurdini. Nurdini alikuwa na kikaratasi mkononi, bila shaka chenye hesabu ya kibinadamu. Alikitazama, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Mimi andika tisini," akasema.

Wakatoka wameshikana mikono, wakipongezana.

Consolatha aliposikia alizima mashine ya fotokopi. Kisha akasema, "Mzee Adinani, watu huja hapa wakitaka niwapunguzie kwa uongo. Wewe ndiye wa kwanza kuongeza."

Hata hivyo hakumtupa. Alimwambia sheria inampa siku thelathini za kupinga makadirio, akamwandikia barua, akaambatanisha nakala za daftari, akatia yote kwenye bahasha ya kaki. Ila ni lazima aende mwenyewe, asaini, ajieleze.

"Nikajieleze nini?"

"Sema ulikuwa umekaa na mkwe."

Siku ya kwenda, zilikuwa zimebaki siku tano mwezi kuisha. Adinani alivaa kanzu safi. Mfuko wa ndani ulikuwa na laki tano na nusu, mtaji wa pamba ya msimu wote, aliotaka kuutuma Igunga akitoka huko. Anafunga mlango wa nyumba, pikipiki ikasimama. Nassibu. Kijana mwenye adabu kupita kiasi, balaa kabisa. Amesikia baba anakwenda mjini kwa miguu, haiwezekani, atamsindikiza. Adinani akasema ni karibu. Kijana akamfutia kiti kwa leso.

Akadhani atamwacha mlangoni. Nassibu aliingia naye, akampokea bahasha, akasimama pembeni ya meza kama mlinzi wa waziri.

"Karibu tena, mzee," alisema yule dada, akaitazama bahasha kwa matumaini. "Umeniletea kitu?"

Adinani aliiangalia bahasha. Ndani yake mlikuwa na fukara wa milioni sita, mkweli, aliyepigwa muhuri. Akamwangalia Nassibu, aliyekuwa akitabasamu kwa fahari.

"Hizo ni karatasi za upanuzi wa kiwanda," akasema. "Nimekuja kulipa awamu ya kwanza."

Akapewa namba ya malipo, wakaenda kwa wakala hapo nje. Laki tano na ishirini na tano elfu zikahesabiwa, zikaisha. Kilichobaki hakikutosha hata kiroba kimoja cha pamba, na awamu ya pili ilikuwa Juni.

Nassibu alimrudishia bahasha kwa mikono miwili. Hakuwasha pikipiki. Alichezea funguo, akainamisha kichwa.

"Baba, samahani. Mzee wangu ana jambo, anaona aibu kulisema mwenyewe. Makadirio yamembana, hana hata ya kuleta spea. Akasema, kwa kuwa mkwe mwenyewe ana uwezo, anaomba umkopeshe milioni mbili."

Adinani akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mlimokuwa na pesa ya pamba.

"Mwambie aje," akasema. "Ila asije kiwandani, kuna vumbi la oda. Aje nyumbani."