Barua ya Wifi Kwenye Diski

Mdogo wangu hajui kudanganya, na tangu utoto namwambia huo ni ugonjwa. Fundi gani asiyejua kumwambia mteja "njoo kesho"? Mimi ndiye ninayekaa kaunta ya duka lake, napokea diski zilizokufa na wenyewe waliokaribia kuzifuata, kwa hiyo najua ninachosema. Mtu anakuja analia, picha za harusi zimepotea, kazi ya chuo ya miaka minne imepotea. Mimi namwekea kiti, nampa maji, nampa moyo. Yeye anatoka chumba cha nyuma, miwani ya kukuzia iko kwenye paji la uso, anasema, "Haiwezekani. Pole." Basi. Hata salamu hajatoa.

Zinazowezekana lakini anaziweza kweli. Alianza na redio, akaja kwenye simu, kisha zile diski za zamani zenye sahani inayozunguka. Hizo alizipenda. Alikuwa anaziwekea sikio, anajua kinachouma. Kompyuta ikiletwa imeungua, imezama, imekanyagwa na gari, alifanya kitu kimoja: anafungua skrubu, anachomoa diski, mengine yote pipani, yakasubiri mnunuzi wa skrepa. Miaka ishirini mikono yake ilifanya hivyo, na mtaa mzima ukamwita Mfufuaji, jina ambalo yeye halipendi.

Siku hizi zimekuja diski nyembamba zisizo na sauti, na nyingi zinajifunga zenyewe. Alinieleza mpaka nikaelewa, na mimi si mwepesi wa mambo hayo. Maandishi yote yanavurugwa yasisomeke, na ufunguo wa kuyarudisha haukai kwenye diski. Unakaa kwenye chipu ndogo iliyobanwa kwenye bodi ya kompyuta ileile. Namba ya siri unayobonyeza asubuhi haifungui chochote. Inaiomba tu chipu itoe ufunguo. Ukitenganisha diski na bodi yake, umebaki na mchanga. Kwa hiyo mteja akipiga simu, kazi yangu ni kumwambia, "Leta mashine nzima, hata kama imekufa. Usitupe kitu." Nimelisema hilo mpaka nikiota nalisema.

Sasa wifi yangu, mke wa huyu mdogo wangu. Alikuja kwetu na binti wa miaka mitatu mgongoni, mdogo wangu akawapokea wote wawili, na asikudanganye mtu, huyo mtoto alilelewa. Akiumwa jino, baba ndiye asiyelala. Alipofika miaka kumi akaambiwa ukweli kwamba aliyemzaa ni mwingine. Nani? Wifi alisema, "Ukikua." Akakua. Akasema, "Ukimaliza shule." Akamaliza, akawa mwalimu, anasahihisha madaftari ya watoto wa watu, bado hajui. Mimi nilimwambia wifi usoni, jamani, jina la mtu si dawa ya sumu hata lifungiwe kabatini. Akaninunia wiki mbili.

Halafu akaugua. Wodini aliomba kompyuta yake, akawa anaandika kidogo kidogo, mto mgongoni. Siku moja akamshika binti mkono, nami nipo. "Nimekuandikia kila kitu. Jina lake, alikotoka, kwa nini tuliachana. Imo humu. Ila usiisome nikiwa hai, mwanangu, nitaona aibu." Akampa na namba ya siri. Binti akalia na kucheka kwa pamoja, akasema basi yuko radhi asubiri hata miaka hamsini.

Siku mbili hazikupita, kikombe cha chai kikamwagikia kompyuta, ikazima. Wifi akahangaika kitandani, "Barua ya mtoto, barua ya mtoto!" Mdogo wangu akamtania, "Umeolewa na mimi, halafu unaogopa chai?" Akaileta dukani mbiombio, kwa sababu daktari alikuwa ameshatuita pembeni. Akafungua skrubu, akachomoa diski, akaitia kwenye kimfuko cha plastiki, akaiweka mfukoni mwa shati. Bodi akaitupa pipani. Akili yake ilikuwa hospitali, mikono ikafanya ilichozoea. Na mimi, ninayewaimbia wateja kutwa, nilikuwa nimesimama palepale, nikamshikia mlango atoke haraka. Mchana akaja mtu wa skrepa. Nilimpa pipa lote mimi mwenyewe.

Kesho yake asubuhi wifi akatutoka.

Tulizika. Wiki mbili baadaye binti akaja dukani, amevaa kanga ya mama yake mabegani, akasema, "Baba, sasa niko tayari kuisoma." Mdogo wangu akaiunganisha diski. Haikuwa na hitilafu hata chembe. Kioo kikaandika: weka tarakimu arobaini na nane. Nikamwona anatazama kioo, kisha mkono wake ukaenda taratibu kwenye pipa, likiwa tupu.

"Dada," akaniambia, "ile bodi."

Nikamwambia ilikwenda na mtu wa skrepa.

Zile tarakimu, ufunguo wa akiba unaofungua diski hata bila bodi, zilikuwapo wakati fulani. Miaka miwili nyuma, mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeifunga kompyuta ya mkewe, akamwambia aziandike mahali. Wifi akasema ndiyo, ndiyo, kama sote tunavyowaitikia mafundi. Tuligeuza nyumba juu chini, tukapekua vitabu, mikoba, mpaka mifuko ya makoti. Hakuna. Mdogo wangu akaenda kwenye yadi ya skrepa. Mwenye yadi akamwambia mzigo ulishaondoka, umebaki huo uliomwagwa pale nyuma. Siku tatu alipiga magoti kwenye lundo la bodi, akitafuta moja yenye doa la chai. Alirudi vidole vimechanika, na jirani yetu mwenye mdomo akasema, "Mganga hajigangi." Nilimjibu neno ambalo sitalirudia hapa.

Binti alisikia yote hayo, na hakuamini. Mimi simlaumu. Mtu mtaa mzima unamwita Mfufuaji, diski za watu baki zinafufuka, ya mamako tu ndiyo ishindikane? Akaja Jumamosi moja, dukani hamna mteja, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Namba ya siri ninayo. Diski ni nzima. Halafu unaniambia haiwezekani."

"Haiwezekani," akasema mdogo wangu. "Pole."

Nikaingilia. "Mwanangu, kuzaa si kazi, kazi kulea. Huyu hapa ndiye baba yako."

"Najua, shangazi. Naomba nizungumze naye." Akamgeukia. "Baba, uliitupa makusudi?"

"Hapana. Nilisahau. Mungu ndiye shahidi yangu."

"Na ulipoona imegoma, ulisikiaje?"

Nilikohoa. Nilimkanyaga mguu chini ya kaunta. Nilimkodolea macho: danganya, mdogo wangu, danganya mara moja tu maishani mwako, sema uliumia! Yeye akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nilifurahi," akasema. "Kabla ya kuumia. Muda mfupi sana, mwanangu, lakini nilifurahi. Nilijiambia, basi hatakuwa na mwingine, atabaki wangu. Kisha nikaona aibu, nikaenda yadi. Nimetafuta kwa moyo wote. Lakini umeuliza."

Machozi yakamtoka binti, hakuyafuta.

"Baba, mimi nilitaka jina tu," akasema. "Ningelisoma, ningefunga kompyuta, ningekuja hapa kukuuliza umekula nini. Miaka ishirini na moja umenilea, na hilo hukulijua?"

Binti akaichukua diski, akaitia kwenye mkoba katikati ya madaftari ya wanafunzi, akaniaga mimi kwa adabu zake zote, akaondoka.

Yapata miezi saba sasa. Ananipigia mimi, kila Jumapili. Ananiuliza baba anaendeleaje, anameza dawa zake za presha? Namwambia, huyu hapa kando yangu, muulize mwenyewe, na mdogo wangu anakuwa ameshanyoosha mkono kupokea simu.

"Msalimie," binti anasema, na anakata.