Fuwele Isiyo na Ufa

Bi Yasue Kuramochi hakuwa msomi. Alimaliza shule ya ufundi, akaolewa, akafiwa, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake kwenye maabara ya chuo pale Sendai ilikuwa moja: kupika fuwele. Alichanganya madini, akayafungia kwenye tanuri, akayashusha joto polepole kwa wiki tatu kama mtu anayemlaza mtoto mwepesi wa kushtuka. Vilivyotoka vilikuwa vipande vyembamba vinavyong'aa, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya kila tabaka atomi zimesukwa kama kikapu cha mianzi chenye matundu.

Siku hiyo Profesa Isomura alimwekea karatasi mezani. Mashine ya mwanga ilikuwa imechora njia za elektroni ndani ya fuwele yake, na pembeni mwa mistari iliyotarajiwa palikuwa na mingine, hafifu, na ile mikubwa ilikuwa imekatwa na mapengo.

"Ina ufa, Bi Kuramochi. Ni vipande viwili vimeshikana, ndiyo maana tunaona mistari mara mbili. Piga muhuri hapo tuitupe."

Yasue aliijua karatasi ile: ni ya kukiri kwamba kazi imeharibika mikononi mwako. Muhuri wake, ambao ndio sahihi yake, ukigonga pale, mwezi wa nne mikataba ikifanywa upya tanuri anapewa mtu mwingine. Na pale profesa hakataliwi. Watu huinamisha kichwa, wakagonga.

"Sipigi, Mwalimu."

"Unasemaje?"

"Sipigi. Fuwele nimeipika mimi. Ufa naujua kwa ukucha."

"Ukucha! Sisi tuna mashine nzima, mwenzetu ana ukucha."

"Na mashine yenyewe mmeiuliza kwenye baridi tu. Ipasheni joto hiyo fuwele. Ufa hauponi kwa joto la kiasi hicho. Mistari ikibaki, nitapiga muhuri mara mbili, wa pili hapa kwenye paji la uso."

Masikio ya Isomura yaligeuka mekundu, lakini alizungusha kitufe cha joto. Wakasimama mbele ya kioo cha mashine. Nyuzi sabini juu ya baridi ya mwisho kabisa. Themanini. Tisini.

"Bado ipo, Bi Kuramochi."

"Macho ninayo."

Ilipopita tisini na nne, mistari hafifu ikafifia, ikatoweka. Mapengo yaliyokuwa yameikata mistari mikubwa yakajiziba.

"Umeona, Mwalimu? Ni elektroni zenyewe. Zikipoa zinajipanga: huku zimejaa, kule zimepungua. Tundu la kikapu halifanani tena na jirani yake. Msuko ukibadilika, njia nazo zinajikunja." Mambo hayo alikuwa ameyaokota kwenye mihadhara, kiti cha nyuma, hakuna aliyemuuliza anasikiliza nini.

"Tukipoza tena?"

"Itarudi."

Wakapoza. Ikarudi.

Isomura aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwake. "Haya. Nyingine kama hii utanipa lini?"

"Hilo ni ombi au amri?"

Kisha profesa akainama, taratibu, mpaka miwani ikamteleza puani.

"Naomba, Bi Kuramochi."

"Wiki tatu," akasema Yasue. "Na mlango wa tanuri asifungue mtu."