Salamu za Mama Ndani ya Mkanda

Enzi zetu pale Songwa, mgeni akiingia uani mchezo wa rede ulisimama. Wasichana tulipiga magoti mavumbini, tukasalimia "Mwadila" kwa Kisukuma, mmoja mmoja, huku michembe ya viazi ikinukia jikoni na hakuna aliyethubutu kuifuata. Mama alikuwa akisema, "Salamu haikatizwi, hata chungu kikiungua." Na vyungu viliungua kweli.

Nilipohitimu madrasa, baba mdogo, fundi wa mgodini, alikuja na kamera ya video akarekodi shughuli yetu. Mkanda ule ndio pekee uliobaki wenye sauti ya Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Juzi binti yangu Zuhura, anayehariri video za harusi hapa Runzewe, aliazima deki ya kuchezea mikanda, akaiunganisha na kompyuta yake ya Linux. Tukautazama mkanda ukiingia mashineni taratibu, picha zikitetemeka. Ulipofika mwisho ukanasa kwenye deki, ukakatika. Nikasema Alhamdulillah, maana ulikwisha kunakiliwa.

Kesho yake akaniita. "Mama, njoo uone! Nimeisafisha ile video, sasa ni fupi na tamu."

Ilianzia kwenye kaswida. Nikamwona Mama akipita na sinia la pilau, kimya, hadi picha ikaisha.

"Pale Bibi yako anaposalimia wageni pako wapi?"

"Ah, pale nimekata. Mwadila, mwadila, ng'ombe, mvua, watoto... Nani atakaa aangalie watu wanajuliana hali tu?"

"Zuhura, kwingine kote Bibi yako hasemi neno."

Akashika mdomo. Mimi nikautazama ule mkanda uliokatika juu ya meza, nikaomba kimoyomoyo.

"Subiri, Mama. Nimekata kwenye kazi yangu tu. Ile nakala iliyotoka mkandani sijaigusa." Akaitafuta, akaifungua.

Mama akapiga magoti mbele ya mzee jirani. "Mwadila, baba. Ng'ombe hawajambo? Mvua imefika kwenu? Na yule mtoto aliyekuwa anaumwa?" Sauti ileile, isiyo na haraka. Zuhura akairudisha yote mahali pake, hakupunguza hata pumzi.

Siku hizi wajukuu wananitumia kidole gumba kwenye simu, nami nashukuru, walau wamenikumbuka. Wanauliza "mzima?" na kabla sijapata miwani wamekwisha kwenda kwingine. Wakati ule mtu aliulizwa hali, kisha akasubiriwa ajibu.