Jeneza la Sinema

Juzi, mjini Mbarara, rafiki yangu alinionyesha sinema ya Kipolandi kwenye simu yake, nikamwona Mama akilia kando ya jeneza. Kilio chote hakimalizi hata dakika.

Nilikuwa mdogo Wapolandi walipokuja kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, kutengeneza sinema hiyo, wakamwomba Mama aigize mjane. Majirani walifika na kuni na maharagwe, kama tunavyofanya penye msiba, wakaanza nyimbo za kanisani. Moshi uliniwasha macho. Jeneza lilinuka rangi mbichi. Mkubwa wa wazungu akapaza sauti kwamba imetosha, lakini wale mama majirani hawakunyamaza.

Papa, baba yangu, aliuawa kwetu Kivu tulipokuwa tukikimbia vita, na hatukuwahi kumzika. Nikadhani wazungu ndio waliotuletea mwili wake.

Walipomaliza, mmoja wao alilibeba jeneza peke yake begani, akalipakia kwenye gari.

"Mama, banamupeleka Papa wapi?"

Leo najua jeneza lile halikuwa na mtu ndani, na Mama alijua tangu asubuhi ile. Hata hivyo alisimama barabarani, akalipungia lile gari mkono mpaka vumbi likatulia.