Betri Ndani ya Unga

Juzi karani wa kuhesabu mifugo alimuuliza mzee mmoja ana mbuzi wangapi. "Wako tu," mzee akajibu, nami nikamkumbuka nyanya yangu, Susu, aliyeamini kwamba mbuzi akihesabiwa hufa.

Wakati wa korona, nikiwa mtoto, soko lilifungwa, na mbuzi wasiouzika wakajaa bomani, harufu yao ikifika hadi jikoni. Kila alasiri redio yetu ilitangaza idadi ya wagonjwa, na jirani yetu Mutua akiikaripia: "Uongo! Nani amekuja kutupima hapa Masinga?" Mimi niliona mtangazaji ndiye anayewamaliza watu kwa kuwahesabu. Siku moja nikaficha betri za redio ndani ya unga.

Mutua akaja, akaikuta redio imezimika. "Mama, leo wamesema ni wangapi?"

Susu akatazama vidole vyangu vyeupe. "Leo hakuna mgonjwa."

"Hiyo sasa," akasema Mutua, "naamini."